Fundi Aliyepima Gari Akamsahau Mwenye Gari

Saa moja na robo asubuhi, kinachoonekana cha Springi ni miguu tu. Miguu miwili yenye soksi za rangi tofauti, imetokeza kwenye mlango wa dereva wa gari dogo la rangi ya maziwa. Springi mwenyewe, kuanzia kiunoni kwenda juu, amejikunja chini ya dashibodi na tochi mdomoni, anaunganisha waya.

"Washa," anasema, au anasema kitu kinachofanana na hicho, maana tochi haijatoka mdomoni.

Mkewe anaacha cherehani, anapitisha mkono dirishani na kuzungusha ufunguo. Taa ndogo ya darini inawaka. Mara ya mwisho iliwaka miaka tisa iliyopita.

"Imewaka?" anauliza Springi.

"Wewe si ndiye uliye ndani?"

"Niko chini."

"Basi toka uone. Mimi nina mshono."

Springi ana miaka hamsini na mmoja. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho. Mtaani anajulikana kwa springi za viti anazozifunga kwa kamba siku nzima, na pia kwa kuwa hajawahi kuonekana ametulia. Ni mtu wa kutafuta bisibisi gereji nzima, amlaumu mke, amlaumu panya, kisha aikute nyuma ya sikio lake.

Gereji yake ni chumba kimoja cha matofali chenye paa la bati na milango miwili mipana. Upande mmoja kuna meza ya kukatia ngozi na turubai. Upande wa pili kuna cherehani kubwa, na mbele ya cherehani ndoo ya rangi iliyopinduliwa, juu yake kitambaa kilichokunjwa mara nne. Hapo ndipo mkewe anapokaa. Amekaa hapo miaka kumi na tisa.

Mwezi mzuri wanashona viti vya magari sita. Mwezi wa mvua, mawili. Mwaka juzi Springi alivunjika kifundo cha mkono wa kulia akafunga kazi miezi minne, na nyumba ikaishi kwa mapazia ya majirani. "Nilishona mapazia mpaka nikaanza kuyaota," anasema mkewe. "Na huyu alikuwa amekaa hapo anaelekeza kwa mkono wa kushoto."

Springi alifunzwa kazi na mzee mmoja aliyekuwa fundi wa injini na wa viti kwa pamoja. Mzee alimfundisha vyote. Wateja wakaamua anajua kimoja.

"Wananiletea viti," anasema Springi. "Gari lenyewe wanampelekea mwingine. Ni kama daktari uambiwe utibu kucha, mgonjwa yuko kwa mwenzako."

Gari hili la rangi ya maziwa ndilo la kwanza kukabidhiwa zima: injini, breki, nyaya, viti, dari na kapeti. Limemchukua miezi saba. Leo ni Alhamisi. Jumamosi saa tatu asubuhi itajulikana kama linabaki gari au linageuka vyuma.

Mwenye gari ni mkunga mstaafu, mwanamke wa miaka sabini na minne, mfupi, aliyenyooka kama rula. Mtaani anaitwa Mama Mkunga hata na wanaume wenye mvi, kwa kuwa wengi wao ni yeye aliyewapokea. Kwa miaka thelathini na mmoja gari hili lilibeba wajawazito kwenda hospitali. Watatu hawakuwahi kufika. Walijifungulia humo humo, kiti cha nyuma, huku yeye ameegesha pembeni na kukunja mikono ya gauni.

Miaka tisa iliyopita breki zilikataa kwenye mteremko. Mama Mkunga aliliingiza gari kwenye ua wa miti wa jirani, akazima injini, akashuka, akamwomba jirani radhi kwa ua wake. Siku hiyo likafunikwa turubai.

Mwanawe mkubwa ni daktari wa meno. Yeye ndiye aliyemtafuta mnunuzi wa chuma chakavu.

"Mimi sina ugomvi na gari," anasema daktari. "Ninachoogopa ni kupigiwa simu nikamwokote mama yangu ukutani."

Mama yake anamsikiliza, kisha anajibu kwa upole unaoweza kukata kioo. "Dada yangu ana miaka themanini, anakaa juu mlimani. Nikitaka kumwona lazima nimpigie huyu, naye afungue kitabu chake cha miadi aone kama Jumanne ina nafasi. Dada yangu si jino."

Familia ilikaa, ikakubaliana. Gari litengenezwe. Mkaguzi wa magari aje alipime, na Mama Mkunga mwenyewe aliendeshe kuzunguka mtaa mzima, mteremko ukiwemo, bila kusaidiwa na mtu. Akiweza, linabaki lake. Akishindwa, linauzwa siku hiyo hiyo. Mkaguzi akaambiwa aje saa tatu. Daktari, kwa kuwa ni mtu wa mipango, akamwambia mnunuzi wa chuma aje na lori saa tano.

Springi alipolifunua mara ya kwanza, injini ilikuwa imeganda. Haikuzunguka mbele wala nyuma. Alifungua plagi zote nne, akamimina oili nyepesi kila tundu, akasubiri. Kila asubuhi alikuwa anaweka spana na kujaribu kidogo, kwa kubembeleza, kama mtu anayemwamsha mgeni asiyemjua. Siku ya tisa injini ikaguna. Siku ya kumi na moja ikazunguka.

"Ungeilazimisha siku ya kwanza, ungevunja kitu," anasema. "Nina marafiki waliovunja."

Kwenye bomba la mafuta nyigu walikuwa wamejenga. Nyaya za taa zilikuwa zimetafunwa na panya, naye Springi alizifuata moja moja kwa taa ya majaribio, akichora kwenye kadibodi ipi inakwenda wapi. Radieta ilitoa matope ya rangi ya chai. Breki ndizo zilizomla miezi miwili, kwa sababu vipuri vyake havipo tena dukani. Ilibidi fundi wa kukereza vyuma achonge upya pistoni ndogo nane, na tano za kwanza Springi akazirudisha.

"Alininunia," anasema. "Nikamwambia, ndugu yangu, huyu anayekwenda kukanyaga hizi breki alikukata kitovu. Akachonga tena."

Ndani ya kiti cha nyuma walipokifumua walikuta pini mbili za nepi, kipimajoto kilichovunjika, na kiatu kimoja cha mtoto mchanga ambacho hakikuwahi kukanyaga chini. Mke wa Springi aliviosha akavifunga kwenye kitambaa. Mama Mkunga alipopewa alikitazama kiatu kwa muda, akasema, "Huyu sasa ni dereva wa lori. Mwambie asije kukidai, hakitamtosha."

Viti vyote vilisukwa upya: springi mpya, gunia juu yake, usumba wa nazi kama vilivyokuwa tangu kiwandani, kisha ngozi ya kahawia. Mshono wa kiti cha dereva peke yake ulimchukua mke wa Springi siku tatu.

Alhamisi hiyo, saa nne, Mama Mkunga anakuja kujaribu. Amevaa viatu vya kuendeshea, vya kamba, soli nyembamba. Anamsalimu mke wa Springi, anaitikia shikamoo ya Springi, anafungua mlango na kuketi.

Anashika usukani. Ananyoosha mguu wa kushoto. Klachi inashuka nusu, inasimama. Ananyoosha tena, safari hii kwa vidole, kama mtoto anayetafuta ngazi gizani. Klachi haifiki chini.

"Gari zuri," anasema Mama Mkunga. "Ila sijui mmeniwekea miguu ya nani."

Wanasogeza kiti mbele. Tumbo linagusa usukani na mguu bado unaelea. Anashuka mwenyewe bila kukubali mkono wa mtu, anafunga mlango taratibu, anasema atarudi kesho. Mlangoni anageuka. "Mwanangu asijue," anasema, kisha anaondoka akitembea upesi kuliko alivyokuja.

Springi anabaki amesimama na kitambaa cha kufutia. Mkewe hajainuka kwenye ndoo yake.

"Ulimpima?" anauliza.

"Nilipima kiti. Nilipima cha abiria, ambacho hakijachakaa, nikafuata vipimo vyake. Hata nusu inchi sikukosea."

"Sijakuuliza kiti."

Springi anafuta mikono ambayo ni safi.

Hapa inabidi msomaji aelezwe jambo moja kuhusu gereji hii. Yule mzee aliyemfunza Springi hakupima kiti cha dereva kwa tepu. Alikuwa na sinia pana la bati, analijaza mchanga uliolowanishwa kidogo, analiweka juu ya kreti, na mbele yake anapanga matofali mahali pa klachi na breki. Mteja anaketi humo mchangani, ananyoosha miguu, anashika usukani wa mbao, anatulia kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Akiinuka, kinachobaki mchangani ndicho kipimo. Springi, aliyerithi sinia hilo, anachomeka spoki za baiskeli sehemu kumi na nne, anasoma kina chake, anachora kwa chaki ukutani.

Ukuta wa nyuma umejaa michoro hiyo. Mteja mgeni hudhani ni ramani za mashamba. Kila mchoro una jina la siri, ili wenyewe wasiaibike: Kifaru, Debe Mbili, Mwembamba wa Posta, Upande Mmoja. Huyo wa mwisho alikuwa anaweka pochi nene mfuko wa nyuma, naye Springi alimshonea kiti chenye shimo la pochi.

Kwa hiyo anajua kupima. Amewapima wachinja nyama, walimu, na mwanasheria mmoja aliyetandika gazeti kwanza. Ila hakumpima Mama Mkunga.

"Ningemwambiaje?" anasema Springi sasa, sauti ya chini. "Mtu mzima yule. Mama wa watu wote. Nimwambie mama, karibu, weka makalio yako kwenye mchanga nipitishe spoki?"

"Ndiyo," anasema mkewe. "Hivyo hivyo. Neno makalio ungeliruka."

Kiti cha zamani kilikuwa kimebonyea vidole vinne. Springi alikiona kibovu, akakitengeneza. Hakukumbuka kwamba bonde lile lilichimbwa na mtu mmoja kwa miaka thelathini na mmoja, na kwamba miguu ya mtu huyo ilifika kwenye klachi kwa sababu ya bonde hilo hilo. Kiti kilipokuwa kama kipya, mwenye kiti akawa mfupi.

Ijumaa saa moja asubuhi Mama Mkunga anafika na kukuta sinia limejazwa mchanga, matofali mawili yamepangwa, na Springi anatazama bati la paa kana kwamba kuna maandishi.

"Mama," anaanza. "Kuna njia ya zamani ya kupima. Sasa, mimi nilifikiri, kwa heshima yako..."

"Ni nini hicho?"

"Mchanga."

"Naona ni mchanga. Nifanye nini nao?"

Springi anamwangalia mkewe. Mkewe anatia uzi kwenye sindano, kazi iliyomshughulisha ghafla kuliko zote.

"Unaketi," anasema Springi.

Mama Mkunga analitazama sinia, anamtazama yeye. Halafu anaanza kucheka, kicheko cha kifuani, cha mtu aliyezoea kucheka vyumba vilivyo na wagonjwa.

"Kwa hiyo umeniona jana naning'inia kama nguo kwenye kamba, kwa sababu uliona haya? Mwanangu, mimi nilikuona bila nguo kabla mama yako hajakuona. Na ulikuja umetanguliza miguu. Saa tano nzima nakugeuza. Sishangai mpaka leo unaanza mambo upande usio wake."

Mke wa Springi amejifunika uso kwa kipande cha ngozi.

Mama Mkunga anakunja gauni vizuri, anaketi, ananyoosha miguu kwenye matofali. "Ni baridi," anasema. "Nitulie hivi?"

"Tulia, mama. Kama unasubiri taa."

"Kwenye taa sijawahi kutulia. Nilikuwa na mtu anajifungua nyuma."

Alipoinuka, spoki zilisema vidole vitatu na nusu, zaidi kidogo upande wa kushoto, wa klachi. Springi alichora ukutani. Mama Mkunga aliusoma ukuta wote kwa miwani, akasimama mbele ya Debe Mbili. "Huyu namjua," alisema. "Tangu kuzaliwa alikuwa hivyo."

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kubomoa. Mke wa Springi alifumua kwa wembe ule mshono wa siku tatu, uzi baada ya uzi. Springi alitoa usumba, akazifunga springi chini kwa kamba kufuata namba za ukutani, akarudisha usumba kidogo kidogo, akiketi, akiinuka, akipima. Saa sita mchana ngozi ilirudi juu. Haikutosha vizuri kama mwanzo. Pembeni ilikunjamana, na mkewe akaipunguza na kuishona upya mpaka saa kumi na mbili jioni.

"Hiyo kazi ya siku tatu niliifanya kwa saa sita," anasema. "Kwa hiyo zile siku mbili na zaidi nilikuwa namfurahisha mtu."

Jumamosi saa tatu, mkaguzi wa magari anafika na ubao wake wa kuandikia. Analipima gari nusu saa: taa, honi, usukani, anaingia chini, anatoka. Anamwambia Mama Mkunga atakaposhuka mteremko asimame kwenye mstari wa chaki aliouchora. Daktari wa meno anaketi kiti cha abiria, amefunga mkanda, ameshika mpini wa mlango. Mkaguzi anaketi nyuma.

Springi amesimama mlangoni mwa gereji. Bisibisi iko nyuma ya sikio.

Mama Mkunga anaketi. Mguu unashuka, klachi inashuka nayo mpaka chini. Anawasha, anatia gia, gari linaruka kidogo na kuzima.

Daktari anafungua mdomo.

"Wewe kazi yako ni kuwaambia watu wafungue," anasema mama yake bila kumtazama. "Leo funga."

Anawasha tena. Gari linaondoka polepole, linapinda kona ya duka la saruji, halionekani tena.

Mtaa mzima kuuzunguka kwa gari ni dakika sita. Springi alijua, kwa sababu alikuwa ameuzunguka mara nne mwenyewe. Alisikia injini ikipanda, ikibadilisha gia, ikishuka upande wa mteremko. Kisha haikusikika. Mkewe alisimamisha cherehani.

Dakika ya sita ikapita. Ya saba. Ya nane. Lori la mnunuzi wa chuma, lililowahi, likaja kuegesha upande wa pili wa barabara. Dereva wake akashusha kioo, akauliza mzigo uko wapi.

"Umetoka," alisema mke wa Springi.

Dakika ya kumi na moja gari la rangi ya maziwa likatokea kona ya chini, honi inalia. Mama Mkunga hakusimama. Alipita mbele ya gereji, akainua vidole viwili kwenye usukani kwa salamu, akaendelea mzunguko wa pili. Ilikuja kujulikana kwamba alisimama sawasawa kwenye mstari, mkaguzi akaandika, kisha yeye akamwomba mkaguzi dakika mbili, akapanda mpaka nyumbani kwa dada yake, akapiga honi dirishani, akageuza.

Daktari alishuka akiwa na jasho la mgongo mzima. Alivuka barabara kuzungumza na dereva wa lori, na lori likaondoka tupu. Aliporudi alimshika Springi mkono, akaushikilia.

"Breki zinashika," alisema. Baadaye kidogo, akitazama pembeni: "Hilo sinia alilonieleza mama njiani. Na mimi kiti changu cha kazini kinaniumiza kiuno."

"Njoo Jumatano," alisema Springi. "Ila mchanga ni baridi."

Jioni hiyo Springi anaeleza mipango yake akiwa amekaa juu ya tairi. Mkaguzi amemwambia kuna mtu ana gari la zamani la kubeba wagonjwa, anatafuta fundi wa kulichukua zima. Springi anataka hilo. Anataka mbele ya gereji pawekwe kibao kisichosema viti peke yake. Anataka pia kuongeza dirisha upande wa cherehani, maana mwanga ni mdogo.

"Lini?" anauliza mkewe kutoka kwenye ndoo.

"Jumatatu naanza."

"Jumatatu unaanza nini?"

Anaulizwa hivyo na mtu aliyekaa juu ya ndoo ya rangi kwa miaka kumi na tisa, mume wake akiwa fundi wa viti. Springi anaitazama ndoo. Anakitazama kitambaa kilichokunjwa mara nne. Anafungua mdomo kuuliza sinia liko wapi.

"Liko mlangoni," anasema mkewe. "Nilishaketi tangu asubuhi, ulipokuwa unazunguka mtaa kupima dakika. Usiguse kabla hujachomeka spoki."

Springi anainuka. Mlangoni, juu ya kreti, mchanga umeanza kukauka pembeni, lakini alama ipo wazi. Anachomeka spoki kumi na nne, moja moja, anasoma, anarudi ukutani na chaki. Anachora. Juu ya mchoro anasita kutafuta jina la siri, kama ilivyo desturi ya gereji, huku mkewe akimwangalia.

Anaandika: Mwenye Gereji.